Barua ya mama wa Mbagala na kopo la rangi

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Nilikuwa nimekusudia leo kuzungumzia bei ya mkaa, na karatasi zangu nilikwisha kuziandaa. Lakini Jumanne nilikabidhiwa mapokezi barua iliyoandikwa kwa mkono, kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la shule, na tangu niisome mkaa umenitoka kichwani. Siku hizi barua ya mkono ni nadra kama mvua ya Agosti. Anayechukua kalamu na kuandika kurasa mbili ana jambo linalomkera kweli.

Mwandishi ni mama wa Mbagala. Jina lake nalihifadhi, mwenyewe kaniomba. Ana kijana wa miaka kumi na tisa ambaye alimpeleka kwa fundi Keko akajifunze useremala. Kijana alikaa miezi minane, akaacha. Sasa anashinda nyumbani chini ya mwembe, amezungukwa na vipande vya hadibodi alivyookota kwa mafundi, anachora. Siku moja kanga, siku moja chui, siku nyingine samaki mwenye jicho kama sahani. Na vyote hivyo, asema mama, anavijaza nukta. Nukta juu ya nukta, tangu asubuhi mpaka giza linapoingia. Hayo angeyavumilia. Lililomfanya ashike kalamu ni kwamba mwezi uliopita fedha ya kodi ya chumba ilipungua, na alipochunguza akakuta makopo matano mapya ya rangi yamefichwa uvunguni mwa kitanda.

Alipombana, kijana akamjibu kwamba kulikuwa na Mzungu mmoja aliyechora kwa nukta tupu na leo dunia nzima inamjua. Mama anauliza maswali mawili. Kwanza, je, ni kweli, au kijana kamtungia hadithi ili aokoke? Pili, je, hii ni kazi, au mwanangu kapotea?

Mama, la kwanza nitalijibu upesi. Hakukudanganya. Mzungu huyo alikuwapo. Aliitwa Georges Seurat, mzaliwa wa Paris, Ufaransa, mwaka 1859, na picha yake kubwa inaonyesha watu wakipunga upepo siku ya Jumapili katika kisiwa kidogo cha mtoni kiitwacho La Grande Jatte. Ina upana wa mita tatu na kimo cha mita mbili, na ilimchukua tangu 1884 mpaka 1886. Ukiisogelea huoni watu bali vitone, maelfu kwa maelfu. Ukirudi nyuma hatua kumi, majani yanakuwa majani na maji yanakuwa maji. Leo ipo katika jumba la sanaa la Chicago, Marekani.

Sasa naomba uniazime sikio kidogo, maana hapa pana elimu ambayo wewe mwenyewe unayo, ila hujaambiwa kwamba ni elimu.

Huko Paris palikuwa na kiwanda cha mazulia ya ukutani kiitwacho Gobelins, na mkuu wa idara yake ya rangi alikuwa mkemia, Michel Chevreul. Wafumaji wakamlalamikia kwamba nyuzi nyeusi anazowapa ni hafifu, zikifumwa hazikolei. Mzee yule akazipima, akazilinganisha na nyuzi nyeusi za viwanda vingine, akaona hazina kasoro. Kasoro ilikuwa kwa jirani. Uzi mweusi ukilazwa kando ya buluu au zambarau, jicho linauona umefifia. Uondoe hapo uuweke kwingine, weusi wake unarudi. Rangi basi si kitu kinachokaa peke yake ndani ya kopo au ndani ya uzi. Inabadilishwa na inayoketi naye. Mwaka 1839 Chevreul akalitolea kitabu jambo hilo, na akaishi miaka 102 kulishuhudia likienea.

Wewe mama unalijua hilo tangu zamani. Unaposimama dukani Kariakoo kuchagua khanga, huichagui rangi moja moja. Unatazama mji na pindo, unasema hii nyekundu imekufa, na ile, ambayo nyekundu yake imetoka katika dumu lile lile la rangi, unasema inawaka. Inawaka kwa sababu imezungukwa na nyeusi na nyeupe. Ukitaka jaribio jingine, hili hapa, nawe msikilizaji ulifanye mara mazungumzo haya yatakapokwisha. Tandika kitambaa chekundu sana mbele yako, ukikodolee macho kwa muda wa kuhesabu hamsini bila kupepesa, kisha hamishia macho kwenye ukuta mweupe. Utaona kivuli cha kijani kinaelea pale ukutani, ambapo hakuna mtu aliyepaka kijani. Jicho limejitengenezea. Kila rangi ina mwenzake ambaye jicho linamtafuta: nyekundu na kijani, buluu na machungwa, njano na zambarau. Waweke wenza hao bega kwa bega, kila mmoja atapiga kelele zaidi. Wachanganye ndani ya kopo moja, watakufa wote wawili, utapata tope.

Hilo la tope ndilo lililomkera Seurat. Akaamua asichanganye rangi ubaoni, bali aziweke nukta kando ya nukta, zikiwa safi kama zilivyotoka, na kazi ya kuchanganya amwachie jicho la mtazamaji. Rafiki yake, Paul Signac, akaichukua njia hiyo na kuiandikia kitabu mwaka 1899. Kwa kupitia mikono ya Signac ikamfikia Matisse, na wachoraji wengine waliokuja kuwasha moto wa rangi mwanzoni mwa karne ya 20.

Kuna mawili ambayo kijana wako hakukwambia, au pengine hayajui. La kwanza ni kwamba Seurat alikuwa na baba mwenye uwezo. Hakuchukua kodi ya chumba ya mtu. Alikufa mwaka 1891 akiwa na miaka 31, na ile picha kubwa ilikuwa bado haijapata mnunuzi. La pili linahusu rangi yenyewe. Njano moja aliyoitumia, iliyokuwa mpya madukani wakati huo, ilikuwa na ugonjwa. Haikupita miaka mingi nukta zake za njano zikaanza kuwa kahawia, na majani yaliyomeremeta yakaingia ukungu. Kwa hiyo hata Chicago leo watu hawaioni picha ile kama alivyoiona yeye. Mtu kajifunza sheria zote za rangi, akaangushwa na muuza rangi.

Lakini mama, kijana wako amekwenda mbali mno kutafuta shahidi. Angevuka daraja la Salender tu, akafika Msasani.

Ndugu msikilizaji, vijana wengi wa leo wakisikia neno tingatinga wanafikiria mtambo wa kuchimbia barabara, na wanaamini kwamba michoro ile imeitwa hivyo kwa sababu ya mtambo. Sivyo. Tingatinga ni jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, kusini. Akiwa kijana alitoka kwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kama walivyotoka maelfu ya vijana wa kusini, na mwishoni mwa miaka ya 1950 akaingia Dar es Salaam. Alifanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, alilima bustani, alihangaika na biashara ndogondogo. Hakusoma shule ya uchoraji. Mwaka 1968 hivi, alipokuwa anakaribia miaka arobaini, ndipo alipoanza kuchora.

Nyakati hizo wachuuzi walikuwa wakipitisha mitaani picha za wachoraji wa Kongo, na Wazungu walikuwa wakizinunua. Kusini alikotoka, Wamakua na jirani zao walikuwa na desturi ya kuchora kuta za nyumba za udongo. Hivyo mkono ulikuwa na asili na macho yalikwisha kuiona soko. Kilichobakia ni vifaa, na hapo ndipo ninapotaka tukae.

Rangi za wachoraji, zile za tyubu, zilikuwa ghali na hazikuwa za mtu wa kwake. Akachukua rangi za kupakia baiskeli. Turubai la kuchorea hakuwa nalo. Akachukua hadibodi, mbao zile za dari, akazikata mraba, kiasi cha futi mbili kwa mbili. Fundi yeyote wa Keko atakwambia kwa nini: ubao wa futi nne kwa nane, ukiukata hivyo, unatoa vipande vinane na hakuna hata chenga ya kutupa.

Sasa itazame rangi ya baiskeli ilivyo na tabia. Ni nzito, inang'aa, na haipendi kuchanganywa. Imetengenezwa ikae juu ya chuma ivumilie jua na mvua. Ukiipaka, ngoja ikauke kabla ya kupaka nyingine, la sivyo zitakimbiliana. Ukiwa na haraka itakuadhibu. Na kwa kuwa kopo ni kopo, na kila kopo ni fedha, mtu haanzi kumimina hili katika lile ili atafute rangi ya tano. Anatumia zilizomo kopo kwa kopo, nne, tano, pengine sita, na anazilaza ubavu kwa ubavu zikiwa na kingo kali. Mnyama mmoja, mara nyingi, katikati ya mraba. Nyuma yake uwanja mtupu wa rangi moja. Na juu ya ngozi ya mnyama, madoa na nukta.

Unaona, mama? Mmoja alifika kwenye rangi isiyochanganywa kwa kusoma vitabu vya wakemia. Mwingine alifika pale pale kwa sababu ya bei ya kopo. Sisemi kwamba nukta zao ni moja. Nukta za Seurat zinataka kutoweka, ziyeyuke machoni ziwe kitu kingine. Nukta za Tingatinga zinataka kuonekana. Chui wake hataki uondoke hatua kumi. Anataka umkaribie uhesabu. Lakini ukilitazama jicho la mnyama wake, jeupe lenye mboni nyeusi juu ya uwanja wa njano, utaona kwamba mtu yule alijua kabisa nani akae na nani ili awake. Lugha yetu wenyewe inafikiri hivyo. Rangi zetu nyingi tumezipa majina ya vitu: manjano ile ya jikoni, kijani cha jani, kahawia ya kahawa, zambarau ya tunda, machungwa, majivu. Mswahili hakuiona rangi ikiwa imening'inia hewani. Aliiona imekaa juu ya kitu, na kile kitu kipo kando ya kitu kingine.

Picha zile ziliuzwa Oysterbay, nje ya maduka ya Morogoro Stores, chini ya mbuyu. Wanunuzi wakawa wageni. Kampuni ya umma ya sanaa nayo ikaanza kuzichukua. Tingatinga akaanza kuita jamaa zake na vijana wa karibu awafundishe: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, Simon Mpata. Kisha mwaka 1972, usiku, polisi wakamdhania kuwa mhalifu anayekimbia, wakampiga risasi. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Alikuwa na mke na watoto wawili wadogo.

Miaka minne, ndugu msikilizaji. Wapo wanaokaa miaka minne wakisubiri kibali cha kufungua kioski.

Hapa naomba ruhusa ya kujitia mwenyewe ndani ya habari hii, maana nina deni langu. Nilikuwa na mjomba Temeke, marehemu sasa, aliyefanya kazi ya upishi katika nyumba za Oysterbay. Mwaka 1979 nilikwenda kumsalimu. Uani palikuwa na pipa la maji, na pipa lilifunikwa kwa ubao wa mraba. Nilipoufunua ili nichote maji ya kunawa, upande wa ndani ukanitazama tausi. Nasema ukanitazama kwa maana sina namna nyingine ya kusema. Tausi wa buluu na machungwa, shingo imepinda, mkia umejaa macho, na uwanja wa nyuma mweupe umeingia rangi ya chai kwa unyevu. Pembeni palikuwa na jina limeandikwa kwa herufi za brashi. Sikulisoma. Nilikuwa na njaa, na chakula kilikuwa kinapakuliwa.

Nikamwuliza, shikamoo mjomba, hii picha umeitoa wapi? Akasema marahaba, tajiri wake alipokuwa anarudi kwao alimwachia birika, godoro na ubao huu. Birika, akasema, ni zuri sana. Nikamwuliza mbona ameilaza picha chini, inatazama maji? Mjomba akaniangalia kama mtu anavyomwangalia msomi. Akasema, "Upande wa rangi haunywi maji. Upande mwingine unakunywa. Wewe ungeulaza vipi?"

Nimelifikiria jibu hilo kwa zaidi ya miaka arobaini. Mjomba alikuwa ameielewa rangi ya baiskeli kuliko wengi walioiandikia. Kweli haikunyauka. Mvuke wa pipa kutwa kucha, na buluu ilikuwa buluu. Kilichokuwa kinakufa ni ubao: kingo zilianza kufura kama mkate uliolowa, kwa sababu mvua ilikuwa inaupiga mgongoni. Nilimwomba anipe. Akasema, na pipa nilifunike na nini? Nikamwahidi mfuniko wa bati. Ahadi ya mtu mwenye mshahara. Niliutengenezesha mfuniko ule, ukakaa kwangu Kinondoni nyuma ya mlango, leo nitakwenda, kesho nitakwenda. Nilipoupeleka, masika yalikuwa yamekwisha pita. Ubao ulikuwa umekatika vipande viwili, na shangazi alikuwa ameutia jikoni kuchochea moto wa maharage. Alinishukuru sana kwa mfuniko.

Sijui ilikuwa kazi ya Tingatinga mwenyewe au ya mmoja wa wale vijana wake, na ndiyo maana jina lile nisilolisoma linaniuma. Leo mbao zilizochorwa na yeye mwenyewe, katika minada ya Ulaya, zinafika maelfu ya dola. Lakini si dola ninazozililia. Picha zake nyingi ziliondoka nchini katika masanduku ya wageni, na moja iliyobaki Temeke ikapikia maharage, na mimi, msomi, nilikuwepo.

Turudi kwa kijana. Baada ya kifo cha mwalimu wao, wale wanafunzi hawakutawanyika. Waliendelea pale pale Morogoro Stores, wakafundisha wengine, na hao wakafundisha wengine. Mwaka 1990 wakasajiliwa kuwa chama cha ushirika. Simon Mpata alivuka mpaka akachorea Kenya, na Wajapani wakampenda hata hoteli moja ya Masai Mara ikaitwa kwa jina lake. George Lilanga, Mmakonde aliyeanza na uchongaji, naye alishika rangi hizi hizi za kung'aa, akachora mashetani wake wenye masikio marefu, na kazi zake zikaonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani mpaka alipofariki mwaka 2005. Mwaka 2010 katuni za watoto za Uingereza zilizotengenezwa Nairobi zilichukua mtindo mzima, tembo na chui na nukta zao, na hata jina. Mtoto wa London ameijua Tingatinga kabla ya mtoto wa Tandika.

Mtindo wenyewe haukusimama. Hadibodi ikaachiwa nafasi na kitambaa, kwa kuwa mtalii anataka kukikunja atie begini. Uwanja wa nyuma uliokuwa wa rangi moja ukaanza kuchanganywa ungali mbichi, njano ikiteremka polepole mpaka buluu, kama mbingu ya jioni. Mnyama mmoja akawa wanyama thelathini. Wengine wakaacha wanyama wakachora soko, hospitali, mganga na wagonjwa wake, foleni ya maji. Mimi kwa ladha yangu hizo za watu ndizo zinazonipendeza zaidi, ingawa wauzaji wananiambia haziondoki upesi.

Wapo waungwana wetu wenye digrii wanaosema hii si sanaa, ni bidhaa ya watalii, mtu mmoja alibuni na mia wananakili. Sikubaliani nao, ila siwabezi. Kunakili ndiyo shule iliyokuwepo. Fundi cherehani ananakili shati la bwana wake kabla hajakata la kwake. Mpiga ngoma anapiga mapigo ya babu yake miaka kumi kabla hajatia lake moja. Ubaya ninaouona ni mwingine. Tingatinga alikulia Tunduru, nchi ya tembo na simba hasa, ambako mnyama ni habari ya jana usiku shambani. Anayemchora chui leo Mbagala kwa kumwangalia chui wa jirani, ambaye naye alimwangalia wa mwalimu, huyo anachora rangi bila kitu. Na rangi, nimekwisha sema, Mswahili hajapata kuiona bila kitu.

Basi mama, swali lako la pili. Je, ni kazi?

Ni kazi, na ni kazi ngumu isiyo na mwisho wa mwezi. Wachoraji ninaowafahamu Msasani na Mwenge kuna miezi wanauza picha ishirini na kuna miezi hawauzi hata moja. Mvua zikinyesha, wageni hawaji. Mwaka 2020, mwaka wa korona, wengine walirudi kupaka rangi nyumba za watu na kuandika vibao vya vinyozi. Sitakuficha hayo. Kijana amekosa kuchukua fedha ya kodi, na kosa hilo halifutwi na Mzungu wa Paris wala mtu wa Tunduru. Tingatinga alinunua makopo yake kwa jasho la bustani za watu.

Kwa hiyo fanya hivi. Usiyatupe makopo. Mrudishe Keko, kwa fundi yule yule kama atamkubali, nusu siku, asubuhi. Atapata chakula, na atapata vipande vya hadibodi kwa halali. Jioni ni yake. Mpe mwezi mmoja wa kuirudisha fedha ya kodi. Na mwambie asikuletee tena chui. Akuletee picha ya kitu kilichopo Mbagala, anachokiona kila siku kwa macho yake: wewe ukisuka mkeka, daladala la Rangi Tatu limefurika, kuku wa jirani juu ya ukuta. Rangi Tatu, hata jina la kituo limemfanyia nusu ya kazi! Kisha umlete, yeye na ubao wake, hapa studio siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Nitampeleka mwenyewe Morogoro Stores kwa wazee wa kazi hiyo wamwangalie mkono. Wao hawana simile. Kama hana kitu watamwambia, na kama anacho watamwonyesha mahali pa kukaa na atafagia sakafu yao kwanza.

Nauli ya kuja nitawarudishia. Na safari hii ahadi sitaiweka nyuma ya mlango.

Ndugu msikilizaji, habari ya mkaa tutaizungumza wiki ijayo, bei yake ikiwa bado haijapanda tena. Hadi hapo, kwaheri ya kuonana.